Moto wa Pumba: Inflamesheni na Uzee wa Mwili Kando ya Ziwa Victoria

Binadamu ana umri wa aina mbili, na si lazima ulingane. Upo umri wa kalenda, unaohesabiwa tangu siku ya kuzaliwa na kuandikwa kwenye kitambulisho cha taifa, na upo umri wa kibayolojia, yaani kiasi ambacho moyo, mishipa ya damu, figo, ini, ubongo na kinga ya mwili vimechakaa kufikia siku ya leo. Watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja katika kijiji kimoja cha Ukerewe wanaweza kutimiza miaka 50, mmoja akiwa bado anapiga kasia kutwa nzima na kuvuta nyavu usiku, na mwenzake akiwa hawezi kupanda kilima cha Bugando bila kusimama njiani kuvuta pumzi, na tofauti hiyo haitokani na bahati peke yake. Kwa zaidi ya miaka 20 sasa wataalamu wa uzee wamekusanya ushahidi kwamba sehemu kubwa ya uchakavu huo inahusiana na hali moja ya mwili ambayo kila mtu huijua inapokuwa kali, lakini ambayo ni wachache wanaoweza kuitambua inapokuwa ya pole.

Hali hiyo kitaalamu huitwa inflamesheni. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki kidoleni huiona kabla ya jioni: kidole kinakuwa chekundu, kinavimba, kinapata moto na kinauma, na hizo ndizo dalili nne alizoziorodhesha mwandishi wa Kirumi Celsus katika karne ya kwanza. Kinachotokea ndani ni kwamba kinga ya mwili imegundua adui au jeraha, mishipa midogo ya damu imetanuka ili ipitishe askari, na chembe nyeupe za damu zimemiminika mahali hapo kuua vijidudu, kula mabaki ya seli zilizokufa na kuandaa ukarabati. Kiswahili cha kila siku huliita jambo hili uvimbe, na kwa kidole hicho jina hilo linatosha, ila linapotosha pale inflamesheni inapokuwa ya kudumu, kwa sababu inflamesheni inayozeesha mwili kwa kawaida haivimbishi kitu wala haileti homa, na anayeishi nayo huweza kupita miaka mingi bila kuhisi maumivu. Ndiyo sababu makala hii inatumia neno la kitaalamu.

Anayesafiri katika wilaya za mpunga za Kanda ya Ziwa huona nje ya vinu vya kukoboa marundo makubwa ya pumba. Rundo likishika moto haliwaki kama nyasi. Juu linabaki la kijivu, kimya, na mtoto anaweza kulikanyaga akidhani ni jivu lililopoa, kumbe ndani moto unatembea polepole na utaendelea kutembea kwa siku kadhaa hadi rundo lote liwe jivu jeusi. Inflamesheni ya kidole kilichochomwa ni moto wa nyasi, unaowaka kwa nguvu na kuzimika kazi yake inapokwisha, wakati inflamesheni ya kudumu ni moto wa pumba.

Moto huo wa ndani una njia ya kupimwa. Chembe za kinga huwasiliana kwa protini ndogo ziitwazo saitokini, na mojawapo, interlukini-6, ikifika kwenye ini huliamuru litengeneze protini nyingine ijulikanayo kwa kifupi CRP, iliyogunduliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mtu mwenye maambukizi makali huwa na CRP inayopita miligramu 10 kwa lita moja ya damu, mara nyingi kwa mbali sana, na akipona hushuka. Kinachowashughulisha wanaochunguza uzee ni yule ambaye CRP yake hubaki juu ya miligramu 3 mwaka hadi mwaka ingawa hana ugonjwa wowote anaoujua, maana katika nchi ambako vipimo hivi vimefanywa kwa watu wengi imeonekana kuwa mtu wa aina hiyo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio la moyo na kiharusi. Mwaka 2000 Claudio Franceschi, mtaalamu wa kinga kutoka Italia, pamoja na wenzake walilipa jambo hili jina lililounganisha maneno mawili, inflamesheni na uzee, wakidai kwamba kadiri miaka inavyosonga ndivyo mwili unavyoteleza kuelekea kwenye inflamesheni ya pole isiyokoma, na kwamba mteremko huo ndio mzizi wa magonjwa mengi ya uzeeni.

Namna moto huo unavyozeesha inaeleweka kwa sehemu. Katika kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu kwenye moyo, chembe za kinga huingia, hubugia mafuta na kubaki humo, zikijenga utando mgumu ambao siku moja hupasuka na kuziba njia. Katika misuli na ini saitokini huzuia insulini isifanye kazi yake, na sukari hubaki kwenye damu. Jambo la tatu lilianza kujulikana mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead walipoonyesha kwamba seli za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Baadaye ilibainika kuwa seli hizo kongwe haziishii kustaafu kimya, kwani nyingi humwaga saitokini zinazowasha seli za jirani na kuzisukuma nazo kwenye ukongwe, hivyo moto huzaa uzee na uzee huzaa moto. Watafiti wa Marekani waliripoti mwaka 2011 kwamba walipoondoa seli kongwe kwenye miili ya panya waliokuzwa ili wazeeke upesi, baadhi ya dalili za uzee wa panya hao zilichelewa. Nayo saa ya kupimia umri wa kibayolojia ilipatikana mwaka 2013, Steve Horvath alipoonyesha kwamba alama za kikemikali ziitwazo methili, zinazobandikwa juu ya vinasaba na kubadilika kwa utaratibu kadiri mtu anavyoishi, zinaweza kusomwa katika sehemu 353 na kutoa makadirio ya umri.

Hata hivyo sehemu kubwa ya maarifa haya ilijengwa juu ya damu ya watu wa nchi tajiri, na hapo ndipo msomaji wa Mwanza anapopaswa kuwa mwangalifu. Mwaka 2025 jarida la Nature Aging lilichapisha ulinganisho wa jamii nne: wazee wa Chianti nchini Italia, wakazi wa Singapore, Watsimane wa misitu ya Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Kwa Waitalia na Wasingapore saitokini zilipanda pamoja na umri na kwenda sambamba na magonjwa sugu, kama nadharia ilivyotabiri, ilhali kwa Watsimane na Orang Asli, ambao wengi wao wana minyoo au maambukizi mengine, inflamesheni ilikuwepo lakini haikufuata umri kwa mtindo huo, wala haikuonekana kuleta magonjwa sugu ya uzeeni. Watsimane walikuwa wameshaushangaza ulimwengu mwaka 2017, pale uchunguzi wa watu wazima 705 ulipoonyesha kuwa 85 katika kila 100 hawakuwa na chokaa yoyote kwenye mishipa ya moyo, japokuwa CRP zao mara nyingi zilikuwa juu. Funzo lililomo humo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linaondoa wazo kwamba mwili huwaka kwa kuwa tu umezeeka. Moto una chanzo, na chanzo kinategemea mahali mtu anapoishi, maji anayoyatumia, chakula anachokula na hewa anayoivuta. Ukitaka kujua kwa nini watu wa mwambao wa Ziwa Victoria wanazeeka jinsi wanavyozeeka, ni lazima uulize ni nini kinachowawasha.

Chanzo cha kwanza, kichocho, kimo ndani ya ziwa lenyewe. Kichocho kiko cha aina mbili, cha mkojo, kinachopatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi ya mashamba ya mpunga ya bara, kama Kwimba, Misungwi na Shinyanga, na cha tumbo, ambacho ndicho cha ufukweni na visiwani. Minyoo yake iligunduliwa na daktari Mjerumani Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya kando ya maji hutoa vimelea wachanga wasioonekana kwa macho, hasa jua linapokuwa kali, na vimelea hao hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache, wakati mama anafua, mtoto anaogelea au mvuvi anasukuma mtumbwi. Mwilini hukua, huoana, na kuishi wawili wawili, jike akiwa amelala kwenye mfereji wa mwili wa dume, ndani ya mishipa ya damu ya utumbo, kwa miaka mingi.

Ajabu ni kwamba minyoo yenyewe haiwashi moto mkubwa, kwani imejifunza kujificha mbele ya kinga ya mwili. Yanayowasha ni mayai. Jike mmoja wa kichocho cha tumbo hutaga mayai yapatayo 300 kwa siku. Baadhi hutoboa ukuta wa utumbo na kutoka na choo, na yanayobaki husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama. Kinga hulizingira kila yai kwa ukuta wa chembe, kama wanakijiji wanaozingira nyumba yenye mwizi, na yai linapokufa baada ya wiki chache kinachosalia ni kovu. Kovu moja halina madhara, ila mayai yakizidi kumiminika kwa miaka 20 au 30 ini hujaa makovu yanayozunguka mishipa yake mikubwa, damu inayotoka tumboni hukosa njia, bandama huvimba, na mishipa ya umio hufura hadi ipasuke. Mgonjwa hutapika damu. Wengi wa wagonjwa hao hufikishwa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, na mara nyingi ni watu wenye miaka 30 au 40 ambao umri wa ini lao hauwiani hata kidogo na umri wa nyuso zao. Tumbo lililojaa maji kwa sababu hiyo limeelezwa kwa vizazi vingi kuwa ni kazi ya walozi, na ni vigumu kulaumu maelezo hayo kwa watu ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba kilichomuua ndugu yao kiliingia kwenye ngozi yake alipokuwa mtoto wa miaka minne akicheza ufukweni.

Mwanza ina historia ndefu ya kuyachunguza haya. Shirika la utafiti wa tiba la Afrika Mashariki lilianza kazi hapa mwishoni mwa miaka ya 1940, na urithi wake upo katika kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, taasisi iliyoundwa mwaka 1979. Kutoka vituo vya utafiti vya Mwanza na vile vya Uganda ng'ambo ya ziwa limetokea swali gumu ambalo mwandishi yeyote mwaminifu hawezi kulikwepa: je, kuondoa minyoo kunaweza kuondoa pia kinga fulani iliyokuwa inaletwa nayo? Minyoo, ili iishi, huishawishi kinga ya mwili itulie, na utulivu huo unaweza kuzuia inflamesheni za aina nyingine. Katika visiwa vya Koome, upande wa Uganda, watafiti wa Entebbe waligawanya vijiji 26 vya wavuvi kuanzia mwaka 2012, vingine vikipewa dawa ya kichocho mara moja kwa mwaka na vingine kila baada ya miezi mitatu, pamoja na dawa za minyoo mingine. Baada ya miaka minne hapakuwa na tofauti katika namna insulini inavyofanya kazi, lakini lehemu mbaya, yaani kolesteroli inayoganda kwenye ateri, ilikuwa juu kidogo katika vijiji vilivyotibiwa kwa wingi zaidi. Matokeo hayo hayampi mtu ruhusa ya kuishi na kichocho, kwa maana hakuna lehemu inayofidia ini lililokufa. Yanachosema ni kwamba mwambao huu uko kwenye njia panda: minyoo ya kijijini inaondoka wakati chakula cha mjini kinaingia, na mwili uliozoea kutulizwa na ile ya kwanza unakutana na cha pili bila kizuizi.

Moto wa pili ni wa VVU. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera, upande wa magharibi wa ziwa hilihili, na ni Mwanza iliyoonyesha mapema jinsi inflamesheni inavyofungua mlango kwa virusi. Katika utafiti uliofanyika kwenye jamii 12 za mkoa huu na kuchapishwa mwaka 1995, vituo vya afya vilivyoboreshewa huduma ya magonjwa ya zinaa vilipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40, kwa sababu, kama inavyoeleweka, kidonda na usaha wa gonjwa la zinaa hukusanya mahali pamoja zile chembe za kinga ambazo virusi huzitafuta. Kichocho cha mkojo nacho, kinapopeleka mayai kwenye mlango wa kizazi wa mwanamke, huacha vidonda vyenye inflamesheni ya namna hiyo, na wanawake wengi wa bara ya Mwanza wameishi navyo wakitibiwa zinaa wasiyokuwa nayo, wakabeba na aibu isiyowastahili.

Dawa za kufubaza VVU zimegeuza ugonjwa huo kuwa wa kuishi nao, na leo kwenye kliniki za tiba na matunzo (CTC) za kanda hii wamo watu wenye miaka 60 na 70 waliotarajiwa kufa wakiwa vijana. Hata hivyo virusi vikifubazwa moto haufi wote. Katika wiki za mwanzo za maambukizi VVU huteketeza chembe za kinga zilizotanda kwenye utumbo, ukuta wa utumbo hulegea, na vipande vya bakteria huvuja kuingia kwenye damu na kuichokoza kinga mwaka hadi mwaka, ingawa kipimo cha virusi kinasoma sifuri. Ndiyo sababu watu wanaoishi na VVU hupata magonjwa ya moyo, figo na mifupa mapema kuliko rika zao. Utafiti wa Bugando uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima watu wapatao 450: shinikizo la juu la damu lilikutwa kwa takriban watu 16 kati ya kila 100 wasio na VVU, kwa 5 tu kati ya wenye VVU ambao hawajaanza dawa, na kwa 29 kati ya waliotumia dawa zaidi ya miaka miwili. Takwimu hizo zisisomwe kama shtaka dhidi ya dawa. Mgonjwa asiyetibiwa hukonda na presha yake hushuka kwa sababu anakufa, na anayetibiwa hurudishiwa uzito, miaka, na pamoja na miaka hiyo magonjwa ya miaka. Jambo la kutia moyo ni kwamba mwaka 2023 majaribio yaliyohusisha watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12 yalionyesha kuwa kidonge cha kila siku cha jamii ya statini, dawa za kupunguza lehemu ambazo pia hupoza inflamesheni, kilipunguza mashambulio ya moyo na kiharusi kwa asilimia 35.

Moto wa tatu ni wa chakula, na ushahidi mzuri zaidi wa Kitanzania juu yake unatoka Kilimanjaro. Mwaka 2021 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha uchunguzi wa Watanzania zaidi ya 300 wenye afya njema na kukuta kwamba chembe za kinga za wakazi wa mjini hutoa saitokini nyingi zaidi zikichokozwa kuliko za wakazi wa vijijini, na tofauti hiyo ilihusiana na wanachokula. Mwaka 2025 wakaenda mbele zaidi, wakawashirikisha wanaume 77: waliozoea mlo wa kijijini wa nafaka zisizokobolewa, ndizi, maharage na mboga za majani walipewa kwa wiki mbili mlo wa soseji, mkate mweupe na chipsi, na wengine wa mjini wakafanyiwa kinyume chake. Wiki mbili tu zilitosha kuongeza alama za inflamesheni kwa kundi la kwanza na kuzipunguza kwa la pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Mkazi wa Mwanza hahitaji mgomba wa Kilimanjaro ili anufaike na habari hii, kwa kuwa ugali wa mtama au wa muhogo, mlenda, kunde, na dagaa waliojaa mafuta yaleyale ya samaki yanayouzwa ghali kwa vidonge kwenye maduka ya dawa vimekuwa chakula chake tangu kale. Kinachosikitisha ni kuona vikihesabiwa kuwa vya maskini, huku kitambi kikipigiwa saluti kama dalili ya mafanikio, ilhali tangu mwaka 1993 imejulikana kwamba mafuta ya mwilini yenyewe huzalisha saitokini zinazozuia insulini, na yale yanayojazana tumboni ndiyo yenye moto kuliko yote.

Moto wa mwisho si wa kimfano. Katika vijiji vingi vya Usukuma, ambako miti imepungua, wanawake wamepika kwa miaka mingi kwa kuni mbichi, mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya majiko yasiyo na dirisha, na kwenye mialo wengine hukausha sangara kwa moshi au kukaanga mapanki kuanzia asubuhi hadi jioni. Chembechembe za moshi huo ni ndogo kiasi cha kufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako chembe za kinga huzimeza, hushindwa kuzisaga, na kuanza kuita msaada usiokwisha. Matokeo yake ni kikohozi cha kudumu na kubanwa kwa kifua kwa watu ambao hawakuwahi kuvuta sigara, mtoto wa jicho kabla ya wakati wake, na macho yaliyowashwa hadi yakabaki mekundu.

Macho mekundu. Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa kukatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mojawapo ya mambo yaliyotajwa kuwa ushahidi dhidi yao ni rangi ya macho yao. Ile dalili ya kwanza kati ya dalili nne za Celsus, wekundu, iliyoletwa na miaka 50 ya kupuliza moto ili watoto na wajukuu wale, iligeuzwa kuwa hukumu ya kifo. Mashirika ya haki za wazee yamelieleza jambo hili mara nyingi, na katika baadhi ya vijiji yamesaidia kujenga majiko sanifu yenye kutoa moshi nje, yakijua kwamba bomba la moshi linaweza kuokoa mapafu, macho na pia shingo. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na kwa mwanamke wa Usukuma mkakati huo, ukifika kweli hadi jikoni kwake, ni tiba ya uzee iliyo bora kuliko kidonge chochote kinachotangazwa redioni.

Matangazo hayo ni mengi, na yanastahili kujibiwa. Dawa iliyothibitishwa kuzima inflamesheni ya uzee bila madhara haipo. Jaribio kubwa zaidi la wazo hilo, lililochapishwa mwaka 2017 likiwa na wagonjwa wa moyo 10,061, lilitumia sindano inayozuia saitokini moja, interlukini-1 beta, na kwa kipimo kimoja cha dawa hiyo mashambulio ya moyo na kiharusi yalipungua kwa asilimia 15, hivyo ikathibitika kuwa inflamesheni ni mhusika halisi na si shahidi tu. Lakini waliochomwa sindano walikufa zaidi kwa maambukizi, na katika mkoa wenye kifua kikuu na malaria gharama hiyo ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu moto uleule unaochakaza mishipa ndio unaokifungia kifua kikuu ndani ya mapafu kisitoke. Vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani bila cheti, kama diklofenaki na aibuprofeni, hupoza inflamesheni ya siku chache, na vikimezwa kwa miezi huumiza tumbo na figo. Na anayeuza chupa za kuondoa sumu mwilini hajaulizwa bado ni sumu gani.

Yanayoweza kufanyika leo ni ya kawaida na yana majina. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa kwa dozi moja inayokadiriwa kwa kumsimamisha mtoto kwenye kijiti cha kupimia urefu, na makovu ya ini yanaweza kurudi nyuma, hasa kwa walio wadogo, mayai yakikoma kumiminika. Kwa miaka mingi zoezi hilo limefanyika shuleni na kumwacha nje mtoto wa miaka mitatu anayeogeshwa ziwani, pamoja na baba yake mvuvi na mama yake mwanika dagaa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo, likataka dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka miwili mahali ambapo angalau mtu mmoja kati ya 10 ameambukizwa, na Desemba 2023 vidonge maalumu vya watoto wadogo, vilivyofanyiwa majaribio Ivory Coast na pia Homa Bay, ufukweni mwa ziwa hilihili upande wa Kenya, vilipata idhini ya kitaalamu ya wakala wa dawa wa Ulaya. Dawa haizuii kuambukizwa tena, na mtoto aliyemeza vidonge vyake asubuhi anaweza kurudi majini mchana, kwa kuwa bomba la karibu liko mbali na ziwa liko mlangoni. Kwa hiyo katika vijiji vya Ukerewe, Sengerema na Magu kisima na choo, ambavyo kwenye bajeti za halmashauri huandikwa chini ya maji na usafi, vingeweza kuandikwa vilevile chini ya ini, bandama na miaka ambayo watu wa huko bado hawajaifikia.